BAKSHISHI NI YA NANI?

(Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa reli mbele ya wafanya kazi wa reli na wa hoteli, Emali. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Katibu alinitaka niseme juu ya bakshishi, yaani fedha ambazo mteja humwachia mtu aliyemletea chakula, mbali na bei ya chakula chenyewe. Nimesikia wengine wakicheka huko nyuma kwamba mtu wa reli amekuja kusema habari za sahani na vikombe. Na wacheke. Hao wanaofanya kazi katika hoteli za njiani, kutoka Sultan Hamud mpaka Mtito Andei, ni wake zetu, ni dada zetu, ni wadogo zetu. Tena shauri hili la bakshishi lilipiganiwa zamani na watu wa reli katika nchi nyingine, na habari zake nitawaeleza.

Katika mkutano uliopita kijana mmoja aliuliza: je, ni haki bakshishi itozwe kodi? Papo hapo watu wakagawanyika. Wengine wakasema fedha ni fedha. Mtu wa reli hukatwa kodi katika mshahara wake na katika malipo ya saa za ziada, basi kwa nini mwenzake wa hoteli apokee elfu sita mkononi asikatwe kitu? Wengine wakasema bakshishi ni zawadi itokayo moyoni mwa mtu, na mtoza kodi hakuja kumsaidia mtu kubeba sahani. Kelele zikawa nyingi mpaka Mwenyekiti akagonga meza.

Mimi naona pande zote mbili ziliruka swali la kwanza. Kabla ya kuuliza kodi ya bakshishi, lazima tuulize bakshishi ni ya nani, na inalipa nini. Tukilijibu hilo, la kodi litakuwa jepesi.

Tutazame kwanza hoteli zetu jinsi zilivyo. Mtito Andei iko karibu nusu ya njia baina ya Nairobi na Mombasa, na mabasi mengi husimama pale ili watu wale. Abiria hupewa dakika ishirini, pengine kumi na tano. Anashuka mbio, anakwenda msalani, anasimama mstari kwenye dirisha la keshia, analipa kwanza, anapewa karatasi, ndipo anatafuta meza. Dereva na taniboi wake wanaketi upande wao na kula bure, kwa sababu wao ndio walioleta wateja. Mtumishi wa meza anakwenda na kurudi na sahani mikono yote miwili, chapati na maharagwe huku, wali na nyama kule, muthokoi kwa mzee aliyekataa wali. Honi ikilia watu wanaondoka, wengine chapati mkononi. Hapo bakshishi itatoka wapi? Mtu alikwisha lipa dirishani, chenji yake iko mfukoni, na akili yake iko kwenye basi. Ndugu mmoja wa pale aliniambia kwamba wiki nzima ya mabasi humpa bakshishi ndogo kuliko gari moja la watalii wanaokwenda kuingia Tsavo kwa lango la Mtito Andei.

Wateja wa kweli wa bakshishi katika njia hii walikuwa madereva wa malori. Dereva wa lori hana haraka kama abiria wa basi. Hulala, huoga, hula jioni na asubuhi, na akizoea hoteli humjua mtumishi kwa jina na kumwachia hamsini au mia. Lakini mwaka 2019, Serikali ilipotaka mizigo ya bandarini ichukuliwe na reli mpya, malori yalipungua barabarani, na watu wa Mtito Andei, Makindu na Emali walilia. Shauri hilo la mizigo liligeuzwa mwaka 2022. Sisi tulio katika reli tunaijua lawama hii. Reli iliyoanza kuchukua abiria mwezi wa Juni 2017 ndiyo inayonilisha mimi na watoto wangu, wala sitasimama hapa kuitukana. Nasema tu kwamba mwenye hoteli alipopoteza malori alipunguza nyama aliyonunua, lakini mtumishi aliyekuwa akiishi kwa bakshishi alipunguza karo ya mtoto. Hakuna aliyemwandikia barua kumwambia kwamba mapato yake yamekatwa. Yalikatika yenyewe.

Huko Kitui mjini, na Wote vilevile, hali ni nyingine. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, hoteli nyingi zimepata kazi ya semina na mikutano. Watu hamsini wanakula chai ya saa nne, chakula cha mchana na chai ya alasiri, siku tatu mfululizo. Bili inalipwa na ofisi, pengine baada ya miezi. Na kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyetoa fedha mfukoni mwake, hakuna anayeacha bakshishi. Mtu anaondoka na posho yake ya safari, na aliyemmiminia chai siku tatu anaondoka na "asante sana, dada". Sisemi ni watu wabaya. Mkono ambao haukulipa bili haukumbuki bakshishi, ndivyo ulivyo.

Na katikati ya njia iko Makindu. Pale kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, wakati Masingasinga wengi walipokuwa wakifanya kazi ya reli, na mpaka leo msafiri yeyote hulishwa pale bila kuulizwa dini, kabila wala bei. Akipenda huacha sadaka. Asipopenda huenda zake. Nalitaja hekalu hili kwa sababu ndilo linalotuonyesha maana ya neno zawadi. Sadaka ya Makindu ni zawadi halisi, maana hakuna mtu aliyepunguziwa mshahara kwa kuitegemea. Bakshishi ya hoteli ni jambo jingine. Tajiri anapomwambia msichana siku ya kuandikwa kazi, "Mshahara ni mdogo, lakini hapa bakshishi ni nzuri," basi bakshishi hiyo imekwisha kuhesabiwa na tajiri kabla haijatolewa na mteja. Si zawadi tena. Ni mshahara unaoingia kwa mlango wa nyuma, na anayeulipa si yule aliyepaswa kuulipa.

Sheria ya Kenya haimruhusu tajiri hesabu hiyo. Kuna Amri ya Mishahara inayotangazwa katika Gazeti la Serikali, na ndani yake mtumishi wa meza ametajwa pamoja na mpishi na taniboi. Viwango vya miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu ni vya juu. Safu ya mwisho, ile ya "sehemu nyingine zote", ndiyo ya chini kabisa, na hoteli za vituo vyetu vya njiani zimo humo. Mwaka 2024 viwango viliongezwa kwa asilimia 6. Juu ya kiwango hicho iko posho ya nyumba ya asilimia 15 kwa yule asiyepewa nyumba. Hakuna mahali amri hiyo inaposema, "toa kwanza bakshishi". Mtumishi anayelipwa chini ya kiwango amedhulumiwa, hata kama jana mtalii alimpa elfu moja.

Sasa kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, katika kifungu cha 5, inataja mapato ya kazi kwa maneno mapana: mshahara, malipo ya likizo, kamisheni, bonasi, posho na mengineyo yanayopokewa kwa ajili ya kazi au huduma iliyotolewa. Huo ni wavu wenye matundu madogo. Mtoza kodi akitaka kumfuata mtumishi wa meza, maneno ya kumfuatia anayo. Kwa hiyo anayesema bakshishi haiwezi kutozwa kodi kwa sababu ni zawadi, asitegemee sana hoja hiyo mbele ya KRA.

Lakini hebu tupige hesabu, maana watu hugombana juu ya kodi ambayo hawajaihesabu. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza za kila mwezi hutozwa asilimia 10, yaani 2,400, na kila mfanya kazi anasamehewa shilingi 2,400 hizo hizo. Maana yake, mtu ambaye mapato yake yote ya mwezi hayapiti 24,000 halipi kodi ya mapato hata senti. Chukua mtumishi mwenye mshahara wa 13,000 na bakshishi ya 6,000. Jumla ni 19,000. Hata bakshishi yote ikiandikwa wino, kodi ya mapato ni sifuri. Mgogoro uliotugawanya mwezi uliopita, kwa watumishi walio wengi wa Makueni na Kitui, ulikuwa mgogoro juu ya sifuri.

Nasikia mtu anasema, "Na makato mengine?" Ni kweli, hayo hayana msamaha wa 24,000. Bakshishi ya 6,000 ikiingizwa katika karatasi ya mshahara, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 utachukua shilingi 90. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, itachukua 165. NSSF, asilimia 6, itachukua 360. Jumla 615 zimetoka mkononi mwa mtumishi. Ni unga wa siku kadhaa, wala siwezi kumcheka mtu anayezililia. Lakini tazameni upande wa pili. Katika zile za NSSF, tajiri naye analazimika kutia 360 zake, na katika ushuru wa nyumba 90 zake. Basi kila mwezi 720 zinaingia katika akiba ya uzeeni ya mtumishi, na nusu yake haikutoka kwake. Ndiyo maana tajiri wengine husema kwa upole mwingi, "Hizo bakshishi zenu ziacheni tu, ni mambo yenu wenyewe." Upole huo una bei yake.

Namjua mama mmoja, jirani yetu, aliyefanya kazi katika hoteli ya njiani ambayo sitaitaja. Mshahara wake ulikuwa karibu sawa na bakshishi zake, shilingi kwa shilingi, na nyumba yake ilisimama juu ya miguu hiyo miwili. Akapata mimba. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu na mshahara kamili, naye aliipata, bila ugomvi. Lakini mshahara kamili ni ule ulioandikwa. Mguu mmoja wa nyumba ukaondoka mwezi ule ule ambao mtoto alizaliwa. Alirudi kazini kabla miezi mitatu haijaisha, kwa hiari yake, ndivyo ilivyoandikwa katika kitabu cha hoteli. Hiari! Baadaye alikwenda kuomba mkopo wa kununua cherehani, akaambiwa alete karatasi ya mshahara. Karatasi ilisema yeye ni maskini kuliko alivyokuwa.

Na hilo ni la uzazi, jambo la furaha. Mafuta ya moto yakimwagika je? Mtu akilemaa kabisa kazini, sheria ya fidia ya 2007 inahesabu mapato ya miezi 96. Miezi 96 ya nini? Karani wa fidia hatauliza madereva wa malori walikuachia ngapi. Atatazama kilichoandikwa. Likizo ya mwaka ya siku 21, malipo ya ugonjwa, malipo ya kuachishwa kazi, yote yanapimwa kwa kibaba hicho hicho. Bakshishi hulisha leo vizuri sana, lakini siku ya taabu haipo.

Nilisema watu wa reli waliyapigania haya. Huko Marekani, baada ya vita vyao vya kuondoa utumwa, kampuni ya Pullman ilikuwa na mabehewa ya kulala yaliyozunguka nchi nzima, na watumishi wa mabehewa hayo walikuwa watu weusi, wengi wa kwanza wakiwa wametoka utumwani. Kazi yao ilikuwa kutandika vitanda, kubeba mizigo na kung'arisha viatu vya abiria usiku wakati wenyewe wamelala. Mshahara ulikuwa mdogo kwa makusudi. Kampuni ilijua kwamba abiria watatoa bakshishi, na mtumishi mwenye njaa atatabasamu zaidi. Hata dawa ya viatu alinunua kwa fedha yake. Abiria waliwaita wote "George", kwa jina la mwenye kampuni, George Pullman, kama wazee wetu hapa walivyoitwa "boi" mpaka mvi zikawatoka.

Mwaka 1925 watumishi hao waliunda chama chao, na kiongozi wao alikuwa A. Philip Randolph. Yeye hakuwa mtumishi wa reli, kwa hiyo kampuni haikuweza kumfukuza kazi, jambo la akili sana. Chama hakikusema, "Ongezeni bakshishi." Kilisema, tunataka mshahara ambao mtu anaweza kuishi bila kunyosha mkono. Wakapeleka shauri mbele ya tume ya serikali iliyosimamia reli, wakidai kwamba utaratibu ule wa kuwalisha watu kwa bakshishi haukuwa halali. Mwaka 1928 tume ikasema haina mamlaka juu ya jambo hilo. Walishindwa, na wanachama wengi wakakimbia, na kampuni ikawafukuza wengine. Waliobaki walishikilia miaka mingine tisa. Mwezi wa Agosti 1937 Pullman ikatia sahihi mkataba. Saa za kazi zilishuka kutoka karibu 400 kwa mwezi mpaka 240, na mishahara ikapanda. Bakshishi haikukatazwa. Mtu aliyetaka kutoa aliendelea kutoa. Lakini tangu siku ile ilikuwa juu ya mshahara, si badala yake.

Marekani hiyo hiyo, katika hoteli, bado haijafika pale watu wa Pullman walipofika. Sheria yao kuu inamruhusu tajiri kumlipa mtumishi wa bakshishi dola 2 na senti 13 kwa saa, kiwango kilichowekwa mwaka 1991, kwa sharti kwamba bakshishi zitajaza kilichobaki mpaka kima cha chini cha watu wote. Majimbo kadhaa yana viwango bora. Basi mwaka 2025 walipitisha sheria mpya ambayo watu waliishangilia sana: mtumishi anaweza kutoa bakshishi mpaka dola 25,000 kwa mwaka katika hesabu ya kodi ya mapato, kuanzia mwaka 2025 mpaka 2028. Mtu akisikia hivyo ataona ni mwisho wa dhiki. Lakini mtumishi mwenye mapato madogo, ambaye kodi hiyo haikumfikia tangu zamani, hakupata kitu, kama yule wetu wa 19,000. Na zile dola 2 na senti 13 hazikuguswa. Tajiri hakuongeza hata senti moja. Wanasiasa walipigiwa makofi kwa kuondoa kodi, na aliyestarehe zaidi ni yule ambaye angepaswa kulipa mshahara.

Uingereza walishika njia nyingine, na mimi naiona bora. Sheria yao ya mwaka 2023, iliyoanza kufanya kazi Oktoba 2024, inamwamuru tajiri awape wafanya kazi bakshishi zote zinazopita mikononi mwake bila kukata kitu, na azigawe kwa haki, kwa utaratibu ulioandikwa. Wao waliuliza lile swali la kwanza: ni ya nani?

Swali hilo kwetu limekuwa kali zaidi tangu fedha za mkononi zianze kupotea. Siku za noti, mteja aliacha shilingi hamsini chini ya kisahani na mtumishi akaichukua. Hakuna aliyeuliza. Sasa mteja analipa kwa simu, kwa ile nambari ya M-Pesa ya hoteli iliyobandikwa ukutani, ambayo vijana huiita tili. Chakula ni 450, anatuma 500, anamwambia mtumishi, "Hiyo nyingine ni yako," na anaondoka akijiona mkarimu. Ile hamsini imekwenda wapi? Imekwenda katika hesabu ya mwenye hoteli, imechanganyika na mauzo ya chapati. Jioni mtumishi akiidai anaulizwa, "Una ushahidi gani?" Ninyi mnaocheka hapo mbele mnaijua hoteli ninayoisema, lakini tusiitaje. Mwenye hoteli mwingine ni mwaminifu kabisa, anaandika kila kitu na kulipa siku ya Jumamosi. Mwingine ni mwaminifu mpaka mwezi uwe mgumu. Na haki ya mtu haifai kutegemea mwezi.

Wengine wenu mmeanza kumpa mteja nambari zenu za simu ili atume bakshishi kando. Naiona njia hiyo ni safi, mradi mteja alipe bili kamili kwanza kwa nambari ya hoteli. Msithubutu kupokea bei ya chakula kwa simu zenu, hata mara moja, hata kama mtandao wa hoteli umelala. Hapo tajiri atapata sababu ya kuwafukuza ambayo chama hakitaweza kuitetea.

Kuna neno moja ambalo watumishi wa meza hawatalipenda. Mpishi je? Mwosha vyombo je? Mteja anasifu nyama, na bakshishi inamwendea aliyeibeba hatua ishirini kutoka jikoni. Yule aliyesimama mbele ya moto tangu saa kumi alfajiri hajulikani hata sura. Katika hoteli zenye sanduku la pamoja jambo hili huleta ugomvi kila mwezi. Mimi nasema zile za mkononi ziwe za aliyepewa, maana mteja alimtazama machoni alipompa, na kumlazimisha azitoe kutamfundisha kuzificha tu. Lakini zinazopita kwa nambari ya hoteli, na zile ambazo hoteli yenyewe huandika katika bili kuwa malipo ya huduma, zigawiwe wote, na jikoni wasiachwe. Na ufunguo wa sanduku usikae kwa meneja.

Basi katika shauri la kodi, mimi nagawanya hivi. Shilingi anayoiweka mteja katika kiganja cha mtumishi iachwe. Kumfuata mtu wa 19,000 ili kuandika hamsini zake kungemgharimu mtoza kodi mshahara wa karani na kumletea sifuri, kama tulivyohesabu. Lakini malipo ya huduma yaliyochapishwa katika bili hayana haki ya kujificha. Hayo mteja hakuyatoa kwa moyo, alitozwa. Yamepita mikononi mwa tajiri, yameandikwa katika vitabu vyake, basi na yaandikwe katika karatasi ya mshahara, yakatwe makato yote, na yahesabiwe katika likizo, uzazi, fidia na NSSF. Mtumishi wa hoteli kubwa ambaye kwa ajili ya hayo atavuka 24,000 atalipa kodi kama sisi wa reli tunavyolipa. Na alipe. Anayepata 30,000 hutozwa shilingi 1,500, kabla ya kupunguza yale makato yanayoondolewa kwanza katika hesabu. Ni fedha, sikatai. Lakini huwezi kudai fidia kwa mapato uliyoyakana mbele ya Serikali. Kitabu ni kimoja.

Najua hasira iliyopo juu ya kodi. Mwaka 2024 vijana walijaza barabara kupinga Mswada wa Fedha mpaka ukaondolewa, na wengine hawakurudi nyumbani. Zakayo wa Biblia alipanda mti ili aone; siku hizi watu wanataka mtoza kodi ashuke aone wao wanavyoishi. Hasira hiyo ni ya haki. Lakini tajiri mjanja huipanda kama basi. Anawaambia wafanya kazi, "Tusiandike kitu, tuwafiche KRA pamoja," na wao wanaona wamepata rafiki. Yeye anaficha deni lake, na wao wanaficha haki yao.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano ukubali mambo haya, na ndugu wa hoteli wayapeleke kwa chama chao cha KUDHEIHA, maana wao ndio wenye sauti ya kujadiliana na wenye hoteli. Sisi wa reli tutasimama nyuma yao. Kwanza, kila mtumishi alinganishe mshahara wake na Amri ya Mishahara, bila kuhesabu bakshishi hata shilingi moja. Viwango vimebandikwa ubaoni hapo mlangoni. Aliye chini ya kiwango aandike jina lake kwa Katibu, kwa siri kama anaogopa. Na kwa hoteli zinazopokea kwa nambari ya simu, tudai mapatano ya maandishi: kilichozidi bili kiandikwe siku ile ile katika daftari la hesabu ambalo wafanya kazi wanaweza kulifungua, kilipwe kila wiki, na jikoni wapate fungu lao.

Tena kila mtu awe na daftari lake. Andika tarehe, andika bakshishi uliyopata, hata kama ni ishirini. Msimwonyeshe mtu. Baada ya miezi mitatu tutajua kwa hesabu, si kwa kubahatisha, ni sehemu gani ya mapato yenu inayotoka kwa tajiri na ni sehemu gani inayotoka kwa wapita njia. Mpaka sasa hakuna hata mmoja hapa anayejua, si mimi, si Katibu, wala tajiri wenyewe.

Daftari ziko mezani, zimenunuliwa na tawi, moja kwa kila mtu wa hoteli. Ndugu waliotoka Kitui wachukue na za wenzao, na kabla hawajaondoka waonane na mweka hazina juu ya nauli ya kurudi, maana gari la mwisho haliwasubiri.